Jivu la Kambulau

Kinyago kilikuwa hakijaoza. Hilo ndilo jambo la kwanza alilolitambua Tinaru wageni walipofungua sanduku, na wakati wenzake wote wakilia kwa furaha, yeye alihisi ubaridi ukimpanda kutoka nyayoni.

Kililala juu ya sponji kama mgonjwa wa hospitali ya matajiri. Ndege yupo, na nyoka wake mdomoni. Samaki yupo, anammeza mtu kuanzia miguuni, na mtu mwenyewe anatazama juu kwa macho ya vifuniko vya konokono wa baharini, ya kijani, mazima, bado yanang'aa. Rangi nyekundu ilikuwa nyekundu. Chokaa ilikuwa nyeupe. Na mti ule ni mti laini. Uache nje misimu miwili ya mvua uone kama dumuzi hawajaugeuza chenga. Miaka zaidi ya mia, na hakuna tundu hata moja.

"Mwone babu," alisema kaka yake, Walangis, machozi yakimdondoka kwenye ndevu. "Hata wadudu walimheshimu."

Kwetu kitu kisichooza hakiheshimiwi. Kinaogopwa.

Kambulau, mtu aliyechongewa kinyago kile, alikuwa mjomba wa bibi yao mzaa mama. Alikufa enzi za Wajerumani. Ukoo ukafuga nguruwe, ukamchonga, ukamsimamisha ndani ya ua wa wanaume ili watu wamtazame, wamlie, washibe. Kinyago cha malagan, matanga ya kumuaga marehemu, siku yake ni moja tu, na ikipita hakina kazi tena juu ya ardhi. Koo nyingine huviacha vyao vioze porini. Ukoo wa Tinaru huchoma. Kisha wajomba huchanganya jivu na chokaa ya kutafunia popoo, wakatafuna, na mama mkubwa wa ukoo akalipaka jivu lilo hilo kwenye midomo ya watoto. Marehemu hutoka kwa moshi, picha yake huingia kwa jivu. Aliyekula ana haki ya kuichonga picha ile kwa wafu wake mwenyewe. Asiyekula, hata awe na mikono ya dhahabu, akichonga ni mwizi.

Asubuhi ya siku ya kumchoma Kambulau, meli ilitia nanga. Akashuka mkusanya vitu mmoja, nyuma yake askari wenye bunduki, akakipenda kinyago. Aliacha kichwa cha shoka na msokoto wa tumbaku, akaondoka, na kule kwao akaandika kwamba alinunua. Shoka lile lipo hadi leo nyumbani kwa Walangis. Limepasua kuni vizazi vinne, na halijawahi kumkata aliyelileta.

Tangu siku ile ukoo haukuwa na uso. Wafu wao wakawa wanazikwa kwa picha za kuazima, wakizilipia nguruwe kwa koo nyingine, na kila msiba palikuwa na mtu wa kuwakumbusha. Wa siku hizi alikuwa mzee Songau wa ukoo jirani, mtu wa maneno.

"Mkimaliza kulia mturudishie uso wetu," angesema Songau akiwa anatafuna, mbele ya jeneza na wafiwa wote. "Msije mkausahau mvuani. Na sisi tuna wagonjwa."

Watu wangecheka. Wenye msiba nao wangecheka, maana kukasirika mbele ya mtu aliyekuazima ni kukosa adabu.

Walangis alichoka kucheka akiwa kijana bado. Nusu ya maisha yake ilikwendea Kavieng kwenye ofisi za mkoa, na barua za kwenda ng'ambo, na wasomi waliokuja na vinasa sauti, wakamsikiliza, wakanywa madafu yake, wakapotea. Walimsubirisha mpaka waliokuwa wakimsubirisha wakastaafu. Nyuma yake alikuwa Tinaru, dada yake wa tumbo moja, akifuga nguruwe wa sherehe ambayo hakuna aliyeamini itafika. Nguruwe wakizeeka huwauza, anaanza na wengine.

Sasa imefika. Na mtoto wa kupakwa jivu, yule ambaye ukoo mzima ulikuwa unamtazama, alikuwa Nelo, mjukuu wa Tinaru, mtoto wa mwisho wa kike katika damu ya mama. Kwetu kitu hupita kwa wanawake. Wajomba hukishika tu kwa muda, kama mtu anayeshika mlango.

Sherehe ya makabidhiano ilikuwa na hotuba, kama kawaida. Bwana Maraleu kutoka ofisi ya utamaduni ya mkoa, mwana wa kisiwa kilekile lakini mwenye tumbo la Kavieng, alionyesha kijumba cha saruji kilichojengwa karibu na kanisa. Paa la bati, mlango wa chuma, kufuli.

"Hapa ndipo babu yetu atakapopumzika," alisema Maraleu. "Watalii watakuja. Wanafunzi watakuja. Ni mali ya taifa hii, wazee wangu, siyo ya kuchezea."

"Babu yako wewe?" Walangis alimuuliza kwa upole. "Mama yako si wa ukoo wa tai?"

"Namaanisha babu yetu sote."

"Aa. Tulipokuwa tunamtafuta alikuwa wetu peke yetu."

Mama mmoja wa jumba la makumbusho la ng'ambo lililokirudisha kinyago, Dokta Solms, alisimama kando akiwa amevaa glavu. Alikuwa mrefu, mwenye mvi, uso umeungua jua. Alipopewa nafasi hakuhutubia. Alisema mambo mawili tu, kwa Kipijini, lugha ya kuelewana visiwani, alichojifunza kitabuni: kwamba walichukua kisicho chao, na kwamba kinyago kisiguswe kwa mikono mitupu, kwa sababu kina sumu.

Minong'ono ikapita uwanjani. Halafu mzee Songau, kutoka nyuma kabisa, akasema, "Mmemwiba mzima mkamrudisha mgonjwa?"

Uwanja mzima ulicheka. Walangis alicheka kuliko wote, akaweka kiganja chake kitupu juu ya kichwa cha ndege, akakiacha pale, akimtazama yule mama machoni.

Jioni hiyo Dokta Solms alimfuata Tinaru kwenye tangi la maji.

"Mama, wewe ndiye unayepaka watoto?"

"Nani kakwambia?"

"Kaka yako aliwahi kunieleza. Zamani." Alikuwa anazipindapinda zile glavu. "Zamani vitu vyote kama hivi vilipofika kwetu vilinyunyiziwa unga. Unaitwa aseniki. Ili wadudu wasile. Haiishi, mama. Ukiisugua haitoki, ukiichoma inakuwa mbaya zaidi."

"Watu wanaishi nacho huko kwenu."

"Ndani ya kioo."

Tinaru aliendelea kujaza ndoo. "Mlijua haya tangu lini?"

"Tangu zamani. Kaka yako tulimwambia kabla hatujafunga sanduku. Nilimwambia mimi mwenyewe kwenye simu."

"Akasemaje?"

"Alicheka," alisema yule mama.

Hapo ndipo Tinaru alipoacha maji yamwagike. Si kwa sababu ya sumu. Ni kwa sababu Walangis alijua kuna maneno ya namna hiyo, na hakumgawia.

Alimkuta kaka yake nyuma ya nyumba, ananoa kisu. Wageni walikuwa wameshapanda boti kurudi Kavieng kabla bahari haijachafuka, na ufunguo wa kijumba cha saruji Maraleu alikuwa amemkabidhi Walangis mbele ya watu wote, kwa makofi na picha. Kijumba kilikuwa kitupu. Kinyago kilikuwa tayari kimesimama ndani ya ua wa wanaume.

"Kaka, yule mama anasema alikwambia."

"Aliniambia."

"Na hukusema."

Walangis alijaribu makali kwa kidole gumba. "Dada, keti. Kisima cha Lakuban unakijua?"

"Nakijua."

"Nani alikihama?"

"Mama. Na bibi. Na watu wote wa pwani."

"Kwa nini?"

Hadithi ya kisima Tinaru aliijua kama anavyojua jina lake. Afisa wa doria alikuja na chupa na kikaratasi, akachota maji, akakichovya kikaratasi, akasema maji yana sumu, hameni mwende mlimani. Watu wakahama na wazee mgongoni. Wawili walifia njiani. Msimu uliofuata pwani ya Lakuban ilikuwa shamba la minazi la Mzungu, na vibarua wake wakinywa maji ya kisima kilekile, wananawia, wanapikia, wananenepa. Mbata ya shamba lile imesafirishwa miaka na miaka. Kisima bado kipo.

"Baada ya vita wakasema samaki wa ghubani wana sumu ya meli iliyozama," aliendelea Walangis. "Tusitupe nyavu. Sisi tukala viazi vikavu, wao wanazamia wanatoa shaba. Padri wa kwanza naye alisema nini? Vinyago vina sumu ya roho. Tukavitupa, yeye akaviokota, akavipakia. Neno lao ni hilo moja. Wakitaka kitu chako wanakwambia kina sumu. Na leo wamelazimishwa kurudisha, wanataka nini? Tusikichome. Tukiweke kwenye boksi la saruji, wao waje wakitazame wakati wowote. Kimetoka kwenye kioo kimeingia kwenye kufuli. Hapo wamerudisha nini?"

"Na kama safari hii ni kweli?"

"Ikiwa kweli," alisema Walangis, "mbona wamechelewa sana kuanza kusema kweli?"

Wenye Kiswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawa waliambiwa nyoka, nyoka, kila walipookota ung'ongo wao wenyewe, mpaka neno likaisha makali. Siku nyoka alipokuja kweli, walishapoteza mahali pa kushtukia. Na waliopoteza si wao, walipotezewa. Mtu akikuibia kwa uongo leo, kesho amekuibia hata ukweli wako, na hakuna jumba la makumbusho linalorudisha hicho.

Desturi inataka kinyago kipakwe mafuta ya nguruwe siku moja kabla ya moto, ili kiwake vizuri na marehemu asiondoke na njaa. Wanaume walikipaka, wakiimba. Mafuta mengine yalidondoka kwenye mawe, kwenye nguzo za ua, kwenye jani la mgomba walilofungia.

Kulipokucha Tinaru aliingia uani. Mama mkubwa wa ukoo huruhusiwa kuingia mara hiyo moja, kumuaga marehemu kabla ya wanaume. Alipiga magoti. Kwenye jani la mgomba sisimizi walikuwa wengi, msururu mweusi unaokwenda na kurudi. Nguzoni walikuwepo. Kwenye mawe walikuwepo. Msururu mmoja ulikuwa umepanda mguu wa kinyago, ukafika kwenye mkia wa samaki, na hapo ukaishia. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi. Alidhani ni makaa. Alichota kidogo kwa kucha akakisogeza karibu na macho. Walikuwa sisimizi, wamejikunja.

Alikaa pale mpaka goti likafa ganzi. Kisha akamtazama Kambulau usoni, yale macho ya kijani, akamwambia kwa sauti ndogo, "Babu, wamekufanyaje?"

Walangis alipokuja, Tinaru alimwonyesha. Kaka yake aliinama akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa mzee kuliko alipoinama.

"Babu ana nguvu," alisema.

"Kaka."

"Ana nguvu, Tinaru. Ndivyo nitakavyowaambia."

"Usiniambie mimi ya kuwaambia wao."

Walangis alikaa juu ya jiwe. Huko nje wanawake walikuwa wanamenya taro, wakitaniana, na nguruwe waliofungwa miti wakilalamika. Watu wa koo saba walikuwa njiani.

"Nikisema ni kweli, nifanye nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. "Niwarudishe wageni? Nimwambie Songau arudi na kicheko chake? Tumtie babu kwenye lile boksi na kufuli, akae pale asioze, asiondoke, wajukuu zetu wakazikwe kwa uso wa kuazima mpaka dunia iishe? Hakuna kinyago kingine, dada. Picha iko humo ndani ya mti huu tu. Jivu la mti mwingine siyo yeye."

"Jengine lolote nitalibeba. Nelo ana miaka mitatu."

"Ndiye wa kupewa. Asipokula yeye, nimekula bure."

"Basi usile."

Alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. "Nimekaa kwenye mabenchi yao tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Wewe umefuga nguruwe wangapi? Nile, nisile, wamenila tayari. Utawapaka?"

Tinaru alitazama chini, pale penye ardhi nyeusi. "Nitawapaka," alisema.

Aliwaambia wanaume wengine watatu waliokuwa na haki ya kutafuna. Isije ikasemwa alinyamaza. Aliwaambia mmoja mmoja, kando. Wawili walimsikiliza kwa heshima, wakasema wamesikia, wakaenda zao kumuuliza Walangis, na Walangis akawajibu anachokijua kujibu. Wa tatu, binamu yao Lamus, mchongaji, mtu mzima asiyemaliza sentensi bila mzaha, alimpiga Tinaru begani.

"Dada, mimi nimekula mayai ya kasa yaliyozikwa mwezi mzima. Nimekula mapishi ya mke wangu. Aseniki ni nani?"

"Tafuna kidogo, Lamus. Kidogo tu, utie na kutema."

"Kwa ajili yako nitatafuna kama bibi harusi," alisema Lamus.

Alasiri walimchoma Kambulau. Aliwaka haraka, kwa mafuta na kwa ukavu wake, na moto ulikuwa na rangi ambayo wazee hawakuijua, ya samawati kwenye ncha, na moshi mzito mweupe wenye harufu kama ya vitunguu saumu. Watu walikohoa. Wakasema ni machozi. Ndege alianguka kwanza, kisha nyoka. Samaki alikuwa wa mwisho, na yule mtu mdomoni mwake alipoachiwa, watu wote wa ukoo walitoa sauti moja, siyo ya kilio wala ya shangwe, sauti ya mtu anayetua mzigo alioubeba tangu kabla hajazaliwa. Hata Songau alivua kofia.

Walangis alichota jivu kwa kijiko cha gamba la nazi, akalitia kwenye kibuyu cha chokaa, akatikisa. Akamkabidhi Tinaru fungu la watoto kwenye kifuu kidogo.

Ili kufika kwa watoto ilimbidi apite kwenye shimo la mawe ya moto, mahali nguruwe walipoivishwa. Mvuke ulikuwa mwingi pale, wanawake wanafunua majani, kila mtu anatazama nyama. Tinaru aliinama kama anayepanga mawe. Alipoinuka kifuu kilikuwa kimejaa jivu la kuni za mkoko. Jivu la Kambulau lilikuwa chini ya jiwe.

Watoto walikuwa wamepangwa mstari, wameogeshwa, wamekaa kimya kwa hofu. Alianza na Nelo. Mtoto alilamba mdomo akakunja uso.

"Bibi, chungu."

"Meza," alisema Tinaru.

Kutoka uani Walangis alikuwa anamtazama. Alimwona akipaka. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akachovya tambuu yake kwenye kibuyu, ikatoka nyeupe na kijivu, akaitia mdomoni pamoja na popoo. Alitafuna kama mtu mwenye njaa. Alimeza. Mate mekundu ya popoo hutemwa. Siku ile, kwa desturi, hayatemwi.

Maumivu yaliwashika waliotafuna kabla nyama haijakwisha. Kwanza watu walidhani ni mafuta. Kisha wale wanaume wawili wakaanza kutapika maji kama ya mchele, na zahanati ya kisiwa ilikuwa na panado na bango la malaria. Boti ya ofisi ilikuwa haina petroli. Boti ya kanisa ilikuwa na petroli ila haina plagi. Mmoja alikufa akingojea plagi. Wa pili alikufa ikiwa imepatikana, wakiwa katikati ya bahari.

Lamus alitafuna kama bibi harusi, kama alivyoahidi, akaishi. Lakini mikono yake ilikufa ganzi, ikaanzia kwenye vidole ikapanda. Hadi leo hashiki patasi. Kikombe anashikiwa. Ndiye mtu pekee duniani mwenye haki ya kuichonga picha ile.

Walangis alichukua muda. Alikuwa na mwili mgumu. Alilazwa barazani kwake, juu ya mkeka, ngozi ya viganja ikichubuka kama ya kiazi kilichochemshwa, na Tinaru alimlisha uji wa sago uliokuwa unarudi. Songau alikuja kumtazama. Alikaa, akatafuta neno, mtu yule ambaye neno halikuwahi kumkimbia, akalikosa. Aliacha kichane cha popoo mlangoni akaondoka.

"Alitabasamu?" aliuliza Walangis.

"Hapana."

"Basi tumewashinda wale wa hapa," alisema, na kukawa na kitu kama kicheko kooni mwake. "Picha ni yetu, Tinaru. Nikifa, Lamus akipona mikono, mnichonge nayo. Asipopona, ngojeni watoto wakue. Nelo atamzaa mchongaji. Atanichonga mjukuu wangu. Mimi kungoja nakujua."

Tinaru alikuwa anamfuta midomo. "Ndiyo, kaka," alisema.

Ikawa hivyo mpaka siku ile kuku alipotoroka. Alikuwa jogoo wa jirani, na Nelo alimfukuza kupita mbele ya baraza, akipiga kelele, tumbo mbele, miguu ikipiga vumbi, mashavu yakitikisika. Akaanguka, akainuka, akacheka, akaendelea. Alizunguka nyumba mara ya pili, bado ana pumzi.

Walangis alimfuata kwa macho. Jogoo alipotea vichakani na mtoto nyuma yake, na yeye bado alikuwa akitazama pale mtoto alipopita.

"Hakuumwa," alisema.

Tinaru alikoroga uji.

"Hata siku moja? Hata tumbo?"

"Kaka, kunywa uji."

"Na wale wengine?"

Alikishika kijiko hewani. Angeweza kumwambia watoto wana damu changa. Angeweza kusema aliwapaka kidogo sana. Aliutafuta uongo huo, akauona upo karibu, umeiva, unachumika kwa mkono. Lakini mtu huyu alikuwa ameambiwa uongo na kila aliyemjia kwa sauti ya upole maisha yake yote.

"Niliwapa la jikoni," alisema.

Walangis hakupaza sauti. Aliyafumba macho yake, akageuza uso kuelekea ukuta wa mianzi, polepole, kwa tabu, mpaka akamwonyesha kisogo. Hakuugeuza tena. Uji aliukataa. Tinaru alikaa naye mchana, alikaa naye usiku, akimsemesha, akimwita jina la utotoni, akimuuliza maji, na kisogo hakikujibu. Hivyo ndivyo alivyokufa, na hakuna neno lililopita kati yao.

Bwana Maraleu alikuja kwa mazishi akiwa na shada la plastiki na salamu za Dokta Solms. Alisema yule mama alilia kwenye simu. Alisema ofisi inasikitika. Alipoona watu wametawanyika kidogo, akamsogelea Tinaru.

"Lakini mama, ukweli lazima tuuseme. Wazee walionywa."

"Walionywa," alisema Tinaru.

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo. Mlituonya. Na mara zote mlipotuonya, mwanangu, sisi ndio tuliohama. Mara hii moja tu hatukuhama." Alifunga kanga yake upya kiunoni. "Umesikia? Mara moja tu."

Maraleu alitazama viatu vyake. Kisha akasema kwamba kwa kuwa kile kijumba sasa hakina kazi, na saruji ya akiba ilibaki, mkoa ungependa kumsaidia Walangis kaburi. Familia ikakubali. Picha ya kuazima ingetaka nguruwe, na nguruwe walikwisha siku ya moto. Picha yao wenyewe ilikuwa kwenye vidole vya Lamus visivyoshika.

Basi wakamjengea kaburi la saruji, limenyooka, limepakwa rangi ya bluu, jina limechorwa kwa msumari kabla halijakauka. Ni kaburi zuri. Mvua inalipiga, jua linalipiga, mizizi ya mkuyu imelizunguka ikashindwa. Sisimizi wanapita juu yake. Kila Jumamosi Tinaru huenda kulifagia, na kila Jumamosi hulikagua kona zote nne kwa kiganja, akitafuta ufa, na hajaupata.